Kabla hujanunua darubini ya usiku, iangalie kwanza uliyonayo

Ndugu Mhariri,

Shikamoo kwa wakubwa wote hapo ofisini, na wadogo mambo vipi. Naandika kutoka Wales, huku juu milimani Powys, kwenye shamba la kondoo ambako nafanya kazi mwaka wa saba sasa. Gazeti lenu nalisoma kwenye simu kila Jumapili na chai yangu pembeni, na Jumapili iliyopita nimekutana na ile makala ya "miwani ya kuona gizani" ya kufunga kwenye bunduki, nikasoma nikacheka, nikarudia nikakasirika kidogo, na jioni mpwa wangu wa Handeni akanitumia picha ya ukurasa huohuo WhatsApp na ujumbe mmoja tu: "Mjomba, nitumie moja." Ndo nikasema hapana, hii lazima nimwandikie mhariri.

Kwanza ile picha. Mmeweka picha yenye ukijani wote ule kama mtu anaangalia dunia kupitia chupa ya soda, halafu maandishi chini yanaongelea kifaa cha kidijitali. Hivyo ni vitu viwili tofauti jamani. Ile ya kijani ni ya bomba, ya kijeshi asili yake, mwanga kidogo wa nyota unaingia mbele unageuzwa elektroni, elektroni zinazidishwa mara maelfu, zinagonga kioo chenye fosfori nyuma ndo unaona huo ukijani. Hiyo ukiiwasha mchana kweupe bila kifuniko unaiunguza, na bei yake tusiongee. Ya kidijitali ni kamera. Basi. Kuna sensa ndani (siyo ile ya kuhesabu watu), ya aina moja na iliyomo kwenye simu yako, na kuna kiskrini kidogo nyuma unachokichungulia, na kuna tochi ya infraredi inayomulika mwanga ambao jicho letu haliuoni ila kamera inauona. Mtu asiyeamini achukue rimoti ya TV, aielekeze kwenye kamera ya selfi ya simu yake abonyeze kitufe, mara nyingi utaona kitaa kinawaka pale mbele ambacho kwa macho hukioni kabisa. Ndo hivyo hivyo inavyofanya kazi, hamna uchawi.

Na kwa sababu ni kamera, haioni kupita ukuta, na hata kioo cha gari kinaisumbua, maana ule mwanga wa tochi unagonga kioo unakurudia usoni skrini yote inakuwa nyeupe kama maziwa. Huyo mtu mliyemnukuu anayesema inaona "hata nyuma ya ukuta" anauza kitu, si bure.

Sasa nifike kwenye kilichonileta, maana makala yenu yote imeongelea kifaa, kifaa, bei ya kifaa, na hakuna mahali mmesema kwamba darubini ya mchana ambayo mtu anayo tayari kwenye bunduki yake ndiyo inayoamua kila kitu. Hilo nililijua kwa kupoteza hela.

Huku mwezi wa nne kondoo wanazaa, usiku, kwenye baridi na matope, na mbweha anajua hiyo ratiba kuliko hata mkulima. Anakuja saa nane saa tisa usiku, anachukua mwanakondoo wa saa chache, asubuhi unakuta mama anazunguka analia na maziwa yamejaa. Mzee mwenye shamba ndo aliyenifundisha kulinda, bunduki ni .223 (hiyo namba ni saizi ya risasi), na cheti nina changu mwenyewe, polisi walikuja mpaka nyumbani wakanihoji na wakakagua kabati la chuma lilivyofungwa ukutani. Kwa miaka mingi mzee alikuwa anatumia taa kubwa ya betri ya gari, unamulika, macho yanang'aa, unapiga. Lakini mbweha aliyekoswa mara moja chini ya taa hurudii kumwona, akiona mwanga tu keshapotea. Ndo nikaamua kununua ya kidijitali ya kuchomeka nyuma ya darubini.

Maana ziko za aina tatu kwa ufupi. Kuna inayokuwa darubini nzima ya kidijitali, unang'oa ya zamani unafunga hiyo, kama Pulsar Digisight au ATN X-Sight. Kuna ya kufunga mbele ya lenzi ya mbele, hiyo sina la kusema sana zaidi ya kwamba ukiifunga ujaribu tena risasi zinakwenda wapi, kwa kuwa chochote ukikiweka mbele ya lenzi kinaweza kuhamisha shabaha. Na kuna ya nyuma, kama Pard NV007 au Sytong HT-66, inakaa pale ambapo jicho lingekaa, mchana unaichomoa unabaki na darubini yako kama kawaida. Uzuri wa ya nyuma ni kwamba msalaba wa kulengea ni uleule wa darubini yako, kamera inautazama tu kama jicho linavyoutazama, kwa hiyo zero yako, yaani ulivyoipanga darubini risasi igonge pale unapolenga, haiguswi. Wengi wa mashambani huku wanachukua hiyo, na mimi nikachukua hiyo, pauni mia tatu na ushee.

Kosa langu la kwanza, kipimo. Kifaa kinakuja na kola ya kubana kwenye lenzi ya jichoni, na muuzaji wa mtandaoni aliniuliza "darubini yako mililita ngapi" (hata milimita hakujua kuandika), nikamjibu 30, nikimaanisha lile bomba la katikati linalobanwa na ringi. Akaniletea alichoona yeye, kola ya 48, inacheza kama kofia ya baba kichwani kwa mtoto. Nilipomrudia akasema nimekosea mimi, nikapiga simu tatu, nikakata tamaa nikanunua kola nyingine kwa hela yangu. Wadau, kinachopimwa ni unene wa nje wa ile sehemu ya nyuma unayowekea jicho, siyo bomba la katikati, iwe inchi moja au 30 haihusiani kabisa. Kama huna kalipa ya kupimia unene chukua uzi, uzungushe mara moja, uunyooshe kwenye rula, ugawe kwa 3.14. Wangu ulitoka milimita 138, ambayo ni 44 kasoro nukta, nikachukua kola ya 45 na kujazia nafasi iliyobaki kwa ile tepu nyeusi ya mafundi umeme, mizunguko minne imekaa sawasawa bila mkunjo. Mkunjo mmoja tu kwenye tepu na kamera inakaa upande, unaona duara la picha limekatwa kama mwezi wa siku ya kumi.

Kosa la pili ndo lililouma. Darubini yenyewe. Ilikuwa ya zamani ya mzee, nzuri, imara, ila fokasi yake imefungwa kiwandani kwenye yadi 100 na haina kinobu cha kurekebisha. Mchana hilo hulioni, kwa sababu jicho la binadamu ni fundi, linajirekebisha lenyewe, likitazama msalaba na likitazama kitu cha mita hamsini vyote vinakubalika. Kamera haina huo ufundi. Ukiifokasi kwenye msalaba, basi ni msalaba, na kitu ambacho hakiko kwenye umbali uleule kinakuwa ukungu. Usiku wa kwanza mbweha alisimama kwenye geti, mita hamsini hivi, na mimi naona kipande cha pamba kinatembea. Pamba! Sikupiga, ningepigaje pamba. Asubuhi tulikuta mabaki ya wanakondoo wawili, mzee hakusema neno, akaweka kettle jikoni na kunipa mgongo, na mnaowajua wazee wa namna hiyo mnajua kimya chao kinavyopiga.

Kwa hiyo ikabidi ninunue darubini nyingine, ya 3-12x50 (inakuza mara 3 mpaka 12, lenzi ya mbele milimita 50) yenye kinobu cha fokasi ubavuni, yaani ile hela niliyosema nimeokoa kwa kuchukua cha kuchomeka nyuma ikaishia hapo na zaidi. Ndo maana nasema, kabla hujaangalia bei ya kifaa shika darubini yako uiulize: una kinobu cha fokasi, pembeni au mbele kwenye lenzi? Kinashuka mpaka mita ngapi? Msalaba wako ni mnene kiasi gani, kwa maana nywele nyembamba sana zinapotea kwenye skrini, na zile darubini ambazo msalaba unakua kadiri unavyokuza zinaweza kukuletea msalaba mnene kama mti wa goli. Na kioo chenyewe, kuna darubini za bei mbaya zilizopakwa dawa za mchana ambazo zinakula infraredi, picha inakuja nyeusi wakati ya jirani ya bei ya chini inaona vizuri. Hilo halisomeki kwenye boksi, unaazima kifaa cha mwenzako unajaribu gizani, dakika tano umejua.

Na kukuza, wenzangu wapya wanapenda kukuza. Kifaa chenyewe tayari kinakuza, hata ukiwa hujagusa kitu, ukichanganya na darubini iliyo kwenye 12 unapata giza tupu. Hesabu yake ni rahisi: lenzi ya mbele ya milimita 50 ukiikuza mara 4 mwali unaotoka nyuma una upana wa 12 na nusu, ukikuza mara 12 unabaki 4 na kidogo, na kamera inaishi kwa huo mwali. Mimi naiacha kwenye 4, mara chache sana 6.

Kurekebisha picha kuna mpangilio, na ukiuruka utazungusha vinobu usiku kucha. Anza na kile cha karibu na jicho lako mpaka maandishi ya skrini yasomeke, usiangalie nje kabisa. Kisha pete ya kifaa mpaka msalaba ukae mweusi wenye kingo kali. Hapo ndo uende kwenye kinobu cha darubini ufokasi nyasi, ng'ombe, geti, chochote unachokitazama. Mpwa wangu akisoma hapa atasema mjomba unaongea sana, ila watu watatu hapa kijijini walikuwa wanaanzia mwisho na wote walisema kifaa kibovu.

Kuna jambo la pima maji pia. Kamera ikikaa imelala kidogo, msalaba kwenye skrini unaonekana umelala, na wewe bila kujua unainamisha bunduki ili msalaba usimame. Sasa bunduki ndo imelala. Kwa mita hamsini hutaona tofauti, kwa mia mbili risasi inaenda pembeni na unalaumu upepo. Nafunga bunduki kwenye kiti cha kusafishia, naweka pima maji ndogo juu, naning'iniza uzi wenye nati kwenye mlango wa banda, nazungusha kamera mpaka mstari wa msalaba ulale juu ya uzi, ndo nabana kola. Na kumbukeni kifaa kikikaa nyuma ya darubini, kichwa chako nacho kinarudi nyuma. Kwangu ni kama sentimita sita, ilibidi nisogeze darubini mbele kwenye ringi zake na bado shingo inajinyoosha kama kobe. Kwa .223 haina shida maana inasukuma kidogo, ila rafiki wa mzee aliweka kwenye .308, inayopiga teke zaidi, bila kusogeza kitu, kifaa kikamgonga usoni, na sasa ana alama ya mwezi mchanga juu ya nyusi, haitafutika hiyo.

Tochi ya infraredi nayo. Zipo za 850 na za 940, hizo ni nanomita. Ya 850 inafika mbali zaidi kwa kuwa sensa inaipenda, lakini ukiitazama kutoka mbele ina kijiwekundu kidogo kama kaa la sigara. Ya 940 haionekani kabisa ila umbali unapungua sana. Watu wanabishana huku mpaka bia zinapoteza baridi kuhusu kama mbweha anaona kale kawekundu. Mimi natumia 850 na wengi hawashtuki, aliyeshtuka ni yule aliyeshakoswa zamani. Kinachosumbua zaidi ni mahali ulipoifunga. Nilifunga chini kwanza, karibu na mtutu, na mwanga ukawa unagonga sailensa (kile kizuia sauti cha mtutu) unarudi kwenye lenzi, picha yote ukungu, nikafikiri betri. Nikaihamishia juu ya darubini, shida ikaisha. Ukilala kwenye nyasi ndefu ni yale yale, majani mawili yaliyo mbele ya tochi yanawaka kama taa za harusi na kila kitu nyuma yake kinazama gizani. Na usiku wa ukungu, Wales hiyo ndo kawaida, panda kitandani tu, kila tone linakurudishia mwanga.

Betri nyingi ni zile za 18650, milimita 18 kwa 65, baridi inazila, moja ya ziada inakaa mfuko wa ndani karibu na mwili. Ukisafiri nazo kwa ndege za ziada zinakaa begi la mkononi, siyo la chini.

Lakini ngoja niseme la mwaka jana. Saa tisa kasoro usiku, macho mawili yanang'aa kwenye ua wa miti, yanakwenda chini chini, yanasimama, yanaangalia kondoo. Kila kitu kinasema mbweha. Kidole kiko nje ya traiga bado, kwa sababu mzee alinikaririsha: macho siyo mnyama. Kondoo macho yanang'aa, paka yanang'aa, kulungu yanang'aa. Nikazima nguvu ya tochi nusu, kwa kuwa ikizidi macho yanakuwa makubwa kama taa za lori na mwili wote unapotea, nikangoja. Dakika nzima. Akageuka ubavu, mkia juu, shingoni kuna kitu kinaning'inia. Mbwa wa jirani, yule mweusi mweupe anayekuja kuomba mikate mlangoni kwetu. Nilitoa risasi kwenye chemba nikakaa kwenye matope pale pale.

Kuna na beja, jamaa wa nyegere wetu, analindwa na sheria ya 1992 huku, ukimpiga ni kesi. Na kulungu usiku huruhusiwi bila leseni maalumu, sheria ya 1991 inahesabu usiku kuanzia saa moja baada ya jua kuzama mpaka saa moja kabla halijachomoza. Na nyuma ya mnyama lazima kuwe na kilima au udongo, skrini inakuonyesha dunia bapa tu, haikuonyeshi nyumba iliyo nyuma ya giza, hata .22 ndogo ya sungura inaruka zaidi ya kilomita. Ndo maana wenye uwezo wanabeba na kamera ya joto mkononi ya kutafutia, ile inakuambia pale kuna kitu chenye damu, kisha hii ya kidijitali inakuambia ni kitu gani. Kamera za joto hata huko Afrika Mashariki zinajulikana, Maasai Mara ya Kenya askari wa wanyamapori wanazitumia tangu 2016 kukamata majangili. Hiyo ingekuwa makala nzuri Mhariri, na picha zake siyo za kijani.

Kwa hiyo naomba mrekebishe picha, na lile la ukuta mlifute. Na wasomaji wanaoniuliza mitandaoni niwaletee, siwaletei. Kenya uwindaji ulipigwa marufuku tangu 1977, kwetu Tanzania unakwenda kwa leseni chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, na mtu akikukuta uwanja wa ndege na kifaa cha kufunga kwenye bunduki usitegemee atakuuliza kama una mbweha.

Mpwa wangu nilimpigia. Shida yake ni nguruwe pori, wanamfumulia mahindi, na bunduki hana, hata gobole hana. Nikamuuliza sasa hiki kifaa ungekifunga kwenye nini, kwenye jembe? Nikamweleza yote haya niliyowaandikia, kola, msalaba, fokasi, infraredi, nusu saa nzima vocha ya kwangu. Akanisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, halafu akasema, "Sawa mjomba. Basi nitumie tochi."

Msomaji wenu,
Mtanga wa Powys, Wales